Anayeanguka Badala ya Sajini Chozi

3 Februari

Kiroboto mwanangu,

Nimekaa kwenye benchi la nje ya wodi, nimevua viatu, chai inapoa pembeni. Nakuandikia kabla hasira haijapoa, maana nikiiacha ipoe nitakuandikia barua ya salamu tu, na leo salamu sizitaki.

Unajua vitabu vya Sajini Chozi nimeanza kuvisoma wewe hujaota meno. Filamu zake sizitazami. Yule askari nina sura yake kichwani na sitaki kubadilishiwa. Lakini Jumamosi baba yako alinivuta mpaka saluni kwake, akafunga mlango, akasema, "Kaa hapo utazame filamu ya pili. Nguo zote hizo mwanao ndiye amezipiga pasi." Nikakaa kwenye kiti cha wateja, akanifunga na shuka ya kunyolea shingoni kwa utani wake. Nikatazama. Sajini wamempa mchumba, wakati kitabuni hana hata paka. Nikavumilia.

Tukafika pale anapomkimbiza muuaji juu ya mapaa. Wanaonyesha sura ya mwigizaji, halafu mgongo. Sura, mgongo. Na mgongo ule, mwanangu, nimeuogesha mimi. Mtu yule aliporuka kutoka paa moja kwenda jingine nilisimama na shuka yangu shingoni nikaita jina lako. Baba yako akazima televisheni haraka, akasema umeme umekatika. Taa ilikuwa inawaka juu ya kichwa chake.

Uliniambia uko idara ya mavazi. Unapiga pasi, unashona vifungo. Sasa niandikie: aliyeruka ni nani?

Mama yako


11 Februari

Mama mpenzi,

Shikamoo. Barua yako imekuja na gari la mikate, ndilo posta yetu huku. Simu zote zimekusanywa getini kwa sababu kampuni inaogopa mwisho wa filamu ya tatu usivuje. Nimewaambia mama yangu anaujua mwisho huo tangu zamani na hajawahi kuuza siri. Hawakucheka.

Mama, umenifurahisha na hiyo shuka ya kunyolea. Lakini migongo ya watu inafanana. Wigi la Sajini Chozi ukimvalisha dereva wa lori, kwa nyuma utadhani ni binti yako. Mimi ni mtu wa pasi, vidole vimeungua vyote. Anayeruka ni msichana mmoja mkimya, hata kwao sikujui.

Tuko kwenye kiwanda cha saruji kilichofungwa miaka mingi. Vumbi linaingia mpaka kwenye meno. Tunalala bweni walilokuwa wakilala wafanyakazi wa zamani, chakula si kibaya. Usimsumbue baba na mambo haya.

Mwanao, Kiroboto


18 Februari

Kiroboto,

Nimezeekea wodi ya mifupa. Wagonjwa wangu siwakumbuki kwa nyuso. Nyuso zenye maumivu zinafanana kweli, hapo umesema. Nawakumbuka kwa wanavyotembea. Wewe ulivunjika mkono kwa kuruka ukuta wa shule, na tangu hapo ukikimbia mkono wa kushoto unaubana ubavuni kama mtu aliyekwapua mkate. Yule wa kwenye mapaa naye amekwapua mkate.

Nimekitoa kitabu cha tatu nikaisoma upya ile sehemu ya kiwandani. Muuaji anakata kamba, Sajini Chozi anaanguka kutoka juu ya mnara, na mwandishi hana huruma, anamwangusha taratibu, sentensi kwa sentensi. Nilikuwa nikiipenda sura hiyo kuliko zote. Niliwahi kuwasomea wagonjwa, wakasahau maumivu. Safari hii nimeifunga katikati. Kitabu nimekichimbia kabatini chini ya mablanketi.

Halafu nikaenda kumbana baba yako kazini.

"Ulijua?"

"Nilijua nini?"

Mashine ikamteleza, akamchimba mteja shimo kisogoni. Mteja wa watu ameondoka amevaa kofia. Tulipokaa kula ndipo akakubali. Ameweka hata saini kwamba ndiye wa kupigiwa simu likitokea la kutokea. Yeye, ambaye akiona damu ya pua ananiita mimi!

Kwa nini yeye na si mimi? Usinijibu kwa utani.

Mama yako


26 Februari

Mama,

Ni mimi. Tangu filamu ya kwanza ni mimi. Gari linapopinduka, anayetoka dirishani ni mimi. Pasi sijawahi kushika.

Nilimwambia baba kwa sababu baba akiogopa hunyamaza. Wewe ukiogopa unakuja. Ungekuja hapa na sare yako ya uuguzi, ungenishika mkono mbele ya watu wote ukanirudisha nyumbani, na mimi ningerudi, kwa kuwa sijawahi kukushinda. Hiyo ndiyo sababu. Sina nyingine nzuri zaidi.

Lakini si kazi ya kichaa kama unavyofikiri. Tunapima upepo, tunapima umbali, tunarudia mpaka mwili unajua wenyewe. Kutoka mnarani nitashukia juu ya mto wa hewa mkubwa kama chumba chetu cha mbele mara kadhaa. Ukishaachia ukingo, mama, kuna utulivu fulani ambao siupati popote, hata usingizini. Naomba uamini hilo hata kama hulielewi.

Mzee Kamba, aliyenifundisha kazi, ameondoka. Tumeambiwa amechoka, ameomba kupumzika. Ajabu hakuniaga, na mimi ananiita binti yake. Nafasi yake sasa ameishika msimamizi mpya, mtu wa haraka haraka. Mwenzangu Chuma naye ameteleza kwenye ngazi za bweni, amepelekwa hospitali mjini. Kwa hiyo mnarani nimebaki mimi peke yangu. Tutapiga picha ile mwishoni mwa Machi.

Nisamehe kwa pasi.

Kiroboto


6 Machi

Mwanangu, barua hii isome yote ukiwa umekaa.

Chuma wako yuko wodini kwangu. Sikujua ni nani. Aliletwa na gari la kampuni, na karatasi zake zinasema ameteleza kwenye ngazi. Siku ya kwanza nikamuuliza, "Ngazi gani hizo, baba?"

"Ngazi tu, mama."

"Mtu wa ngazini namjua, huumia mkono, huumia kisogo. Wewe umevunjika visigino na nyonga. Umetoka juu sana na umeshukia miguu."

Akageukia ukutani. Sikumsumbua. Mtu akitaka kunyamaza kitandani kwake ana haki.

Jana mwenzangu akaniita kutoka mlangoni, "Mama Kiroboto, daktari anakutafuta." Kijana akafungua macho. "Mama Kiroboto? Kiroboto wa kwetu?" Nikamwambia mimi ndiye. Mwanangu, mtu mzima yule, kifua kama mlango, akalia mpaka nikavuta pazia.

Alianguka mnarani. Walimpandisha kufanya jaribio la anguko lako. Ule mto unajazwa na feni mbili, na jenereta lenu haliwezi kuzibeba zote. Moja inazimika inavyotaka. Mto ukiutazama umevimba, lakini katikati hauna kitu. Mzee Kamba aliliona hilo. Alidai jenereta jingine na mto mwingine, akasema bila hivyo hapandi mtu. Hakuomba kupumzika. Walimfukuza, wakamtoa siku hiyohiyo ili asiseme na mtu. Chuma ameambiwa matibabu yatalipwa ikiwa ataendelea kuteleza kwenye ngazi.

Siri ya mgonjwa ni ya mgonjwa, sijawahi kuitoa hata kwa baba yako. Nikamwomba ruhusa. Akasema, "Mwandikie. Usisubiri kesho."

Sikuambii uache kazi. Sikuambii urudi. Nakuambia usipande mnara ule.

Mama


7 Machi

Mama mpenzi,

Sijapata jibu lako, sijui umenisamehe au unanitungia hukumu. Naandika haraka, dereva wa mikate anapiga honi.

Wataalamu wa hali ya hewa wanasema mvua zitawahi, kwa hiyo ratiba imevutwa mbele. Mnara ni tarehe 12. Usiogope, niko tayari kabisa. Nimefanya mazoezi ya kushuka kwa mgongo kutoka jukwaa dogo, nimekuwa kama paka. Msimamizi anasema mto umeshajaribiwa na uko salama.

Malkia, ndivyo tunavyomwita mwigizaji anayeonyesha sura wakati mimi naonyesha mgongo, amenipa skafu yake ya hariri. Amesema nimeanguka kwa niaba yake mara nyingi kuliko alivyowahi kuanguka mwenyewe. Ni mtu mwema, mama, ingawa wanamwogopa.

Tarehe 13 nitakuandikia barua ndefu.

Kiroboto


10 Machi

Kiroboto,

Barua yako ya tarehe 7 imefika sasa hivi. Sijui yangu iko wapi. Nimeipigia simu ofisi ya kampuni. Dada wa mapokezi kasema wafanyakazi walioko kazini hawaitwi kwenye simu, niache ujumbe. Nimeacha. Nikamwambia ausome nisikie alichoandika, akasoma: "Mama anasalimia."

Baba yako amefunga saluni akaenda stendi kutafuta gari lolote linaloelekea huko. Amerudi. Daraja la njia kuu limefungwa kwa matengenezo, mabasi hayapiti mpaka wiki ijayo. Malori madogo ndiyo yanayozunguka kwa njia ya vumbi, na moja limekubali kubeba bahasha hii mpaka kwa huyo mtu wenu wa mikate.

Mto hauna kitu katikati. Feni moja inazimika. Chuma hakuteleza. Kama hukupata ile ya kwanza, yote niliyoandika ni hayo.

Usipande.

Mama


12 Machi

Mama,

Niko hai. Nimeliandika hilo kwanza ili upumue ndipo usome mengine.

Barua zako zote mbili zimefika leo pamoja. Ile ya kwanza ilikaa kwenye ofisi ya getini. Sijui kwa makusudi au kwa uvivu. Dereva wa mikate alipoleta ya pili, mpishi aliyekwenda getini kupokea mikate akaona mwandiko wa mtu mmoja kwenye bahasha mbili, akaona huyu mama ana jambo. Akaniletea mbio na mwiko bado mkononi. Nilikuwa nimeshavaa wigi, nimefungwa mkanda, mguu wangu mmoja uko kwenye ngazi ya mnara.

Nilisoma nimesimama palepale. Nikashuka.

Nikamwambia msimamizi, "Nataka kuona mfuko wa mchanga ukitangulia. Wenye uzito wangu."

"Tulishajaribu."

"Nani alijaribu?"

Akamgeukia mwongozaji. Mwongozaji akatazama mawingu, akasema tunapoteza mwanga, mchanga utatuchelewesha. Watu wote wakatazama viatu vyao. Mama, nilitetemeka. Si kwa sababu ya mnara. Mnara siuogopi. Nilitetemeka kwa sababu kazi hii ndiyo ninayoijua, na nikitoka hapa kwa jina la mgomvi hakuna atakayeniita tena.

Ndipo Malkia akainuka kwenye kiti chake. Akavua wigi lake, maana ana lake na mimi nina langu, akaliweka mezani. "Mpeni mfuko wake. Mimi sisemi neno mbele ya kamera mpaka niuone ukianguka."

Wakaupandisha mfuko kwa kamba. Chini, mto ulikuwa umevimba vizuri kabisa, ungeuona ungetamani kulala. Feni zinanguruma. Kisha moja ikanyamaza. Hakuna aliyepiga kelele, ikanyamaza tu, na mto ukaonekana vilevile. Wakauachia mfuko.

Mto ulijikunja katikati kama mtu aliyepigwa ngumi ya tumbo, na tukasikia kishindo cha saruji chini. Mfuko ukapasuka. Mchanga ukaenea mpaka kwenye miguu ya mwongozaji.

Mama, mchanga ule ulikuwa na uzito wangu.

Kazi imesimama. Fundi wa taa amesema Chuma ni mwenzake na yeye hawashi taa. Wengine wakamfuata. Msimamizi amepakia begi lake. Mimi nimekaa jikoni na mpishi, ananilazimisha ninywe uji.

Mwambie Chuma.

Kiroboto


17 Machi

Kitinda mimba wangu,

Nilisoma barua yako katikati ya wodi, kwa sauti, kila mtu akasikia. Chuma alinifanya nirudie pale feni inaponyamaza. Akasema, "Ndivyo ilivyokuwa. Ndivyo hivyo hasa." Baba yako amenyoa bure siku nzima, ameharibu biashara lakini nimemwacha.

Sasa njoo nyumbani. Godoro lako nimelianika. Hapa hospitali wanatafuta mtu wa kitengo cha mazoezi ya viungo, wa kuwasaidia wagonjwa kusimama na kutembea. Nani anaujua mwili kuliko wewe? Nimeshazungumza na mkuu wa kitengo. Amesema uje umwone.

Filamu wamalize wao wanavyojua. Wamshushe Sajini Chozi kwa lifti.

Nakusubiri.

Mama yako


25 Machi

Mama,

Nimeiandika barua hii nikaichana, nikaiandika tena.

Mzee Kamba amerudi. Malkia alimfuata kwake na gari lake mwenyewe, na kampuni ikakubali masharti yake yote, kwa kuwa bila Malkia hawana filamu. Kuna jenereta mbili sasa, moja inafanya kazi na moja inasubiri. Mto ni mpya. Kila asubuhi wanaangusha mfuko wa mchanga, na kila asubuhi Mzee Kamba anaukagua mto mshono kwa mshono kama mtu anayetafuta chawa. Matibabu ya Chuma wameyaandikia mkataba mpya unaotaja mnara.

Mvua zimekuja na sasa zimetulia. Tarehe 9 Aprili ninapanda.

Hakuna anayenilazimisha. Mzee Kamba ameniambia nikikataa atanishika mkono na kunishukuru. Ninataka mimi. Kazi ya hospitali ni nzuri, na siku moja mwili ukikataa huenda nitakuja kuiomba. Lakini sasa hivi nikirudi nitakuwa nimekimbia, na kila mgonjwa nitakayemsimamisha nitamwonea wivu akianza kukimbia.

Safari hii nakuambia kabla. Daraja limefunguliwa. Njoo usimame chini. Nimekuombea ruhusa getini.

Kiroboto


31 Machi

Wewe mtoto,

Nimekasirika nawe tangu barua ilipofika. Nimewakaripia wanafunzi wa uuguzi bila kosa. Baba yako anakula jikoni.

Umesema nikiogopa ninakuja. Sasa umeniita uone nikiogopa nitafanya nini. Hukunifikiria hata kidogo. Au umenifikiria sana, sijui, nimeshindwa kuamua.

Jambo moja tu nakuomba, na si kwamba usiruke, maana hilo najua utanikatalia. Kuanzia leo usinifiche tena ili nisiogope. Hofu ni yangu, nimeizoea, nimeanza nayo siku uliyojifunza kusimama. Uliponidanganya hukuniondolea, uliniacha tu nisijue niiweke wapi.

Nimeomba likizo.

Mama


9 Aprili, kiwandani

Baba Kiroboto,

Nakuandikia kwa kalamu ya mpishi. Gari la mikate linaondoka baada ya chai, nataka upate habari kwangu kabla hujazipata kwa wapambe wa saluni.

Nilifika jana. Mzee Kamba ni mfupi, hana maneno. Alinishika mkono akanipeleka kwenye mto, akasema, "Bonyeza." Nikabonyeza pembeni. "Bonyeza katikati." Ikabidi nivue viatu nikaingia, mtu mzima mimi, natembea juu ya hewa kama mlevi. Akaniuliza, "Unaona?" Nikamwambia naona. Nikamwomba aangushe mfuko tena. Akaangusha bila kuuliza.

Leo asubuhi mwanao amepanda. Kutoka chini alikuwa mdogo mno, ungesema ndege ametua ukingoni. Upepo ukaja, Mzee Kamba akainua mkono, kila kitu kikasimama. Upepo ukaenda. Akangoja tena, mpaka nikataka kumpiga. Ndipo akashusha mkono.

Nilidhani nitafumba macho. Sikufumba. Alikuja kwa mgongo, mikono imefunguka, hakutoa sauti, na mimi sikutoa. Zile sentensi zote za kitabuni hazikuwepo, alianguka tu, mwanetu, kama kitu chochote kinavyoanguka. Mto ukammeza. Hapa wana sheria, hakuna anayesogea mpaka mkono utokee. Tukasimama. Mume wangu, sitaki kukueleza pale palikuwaje.

Mkono ukatoka.

Watu wakapiga makofi, Malkia analia, vipodozi vinamchuruzika. Mwanao akaja anachechemea kwa mbwembwe tu, hana kitu, nimemkagua kuanzia shingo mpaka vidole. "Mama, umeonaje?" Nikamwambia wigi limekaa upande. Akacheka. Mimi nikatafuta pa kukaa, sikupaona, nikakaa chini kwenye vumbi la saruji na gauni langu la kutokea. Akakaa pembeni yangu, akanishika mkono.

Tulikuwa bado tumekaa hivyo alipokuja mwongozaji. Akainama, akauliza kwa adabu kama Kiroboto anaweza kurudia mara moja tu, maana kamera ya pili ilichelewa kuwaka. Mtoto akanitazama mimi. Mimi ndiye niliyejibu.

"Kamuulize kwanza Mzee Kamba," nikamwambia.

Mke wako